Bando nilipe mimi, daftari ashike yeye?

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu na vijana waliokusanyika Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Walikuwepo vijana wa pale pale na wengine waliotoka Manyoni mjini na Dodoma. Tumeyapunguza kidogo tu ili yaingie ukurasani. – Mhariri.



 

Tangu nishuke kwenye basi nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti: "Kaka, umetoka mjini kuja kutuhubiria mambo ya intaneti, kwani bei ya mpunga imeshakuwa nzuri?" Swali zuri. Naanza nalo.

Kijana wa leo hapandi tena basi kwenda Dodoma kuulizia bei ya mpunga. Anafungua simu. Wa bodaboda anaitwa kwa simu. Anayetafuta kazi anasaka nafasi kwenye simu. Anayebeti anapanga mkeka wake kwenye simu. Anayeumwa ugonjwa wa aibu, kabla hajafika zahanati, anaiuliza simu kwanza, tena usiku wa manane wenzake wakiwa wamelala. Kwa hiyo mtu anayejua simu yako inakwenda wapi anakujua kuliko mama yako mzazi.

Na mtu huyo yupo. Mnamlipa wenyewe, tena mnamlipa kabla hajawahudumia. Ni yule anayewauzia bando.

Leo nataka tuulizane jambo moja tu. Bando nimelilipia mimi kwa jasho langu. Itakuwaje daftari la safari zangu ashike yeye, awauzie wenye matangazo, na mimi nisiulizwe?

STESHENI MASTA ANAJUA NINI?

Hapa Kintinku mna stesheni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu enzi za babu zenu watu wa hapa mnaijua kazi ya stesheni masta. Unafika na sanduku lako lenye kufuli. Halifungui. Hajui ndani kuna shuka au kuna barua ya mchumba. Lakini anajua umepanda saa ngapi, umekata tiketi ya kwenda wapi, mzigo wako una uzito gani, na kwamba wiki hii umekwenda Tabora mara tatu.

Kampuni inayokupa intaneti iko hivyo hivyo. Siku hizi tovuti nyingi zina kufuli, na maandishi ya WhatsApp yamefungwa, kampuni ya simu haiyasomi. Hilo ni kweli, na anayewaambia kwamba kila neno lenu linasomwa anawatisha bure. Lakini simu yako kabla ya kwenda mahali popote huuliza njia: "Tovuti fulani iko wapi?" Mara nyingi swali hilo linaulizwa kwa kampuni yenyewe. Kwa hiyo inaweza kuliona jina la tovuti, inaona saa, inaona umetumia data kiasi gani, na inajua umesimama karibu na mnara upi.

Mtu atasema, jina tu la tovuti lina nini? Lina mengi. Ukiingia kwenye tovuti ya dawa za kufubaza virusi, hakuna haja ya kusoma ukurasa uliousoma. Ukiingia kwenye tovuti ya kubeti saa nane usiku siku tano mfululizo, hesabu imeshapigwa. Ukitafuta mkopo tarehe 25, wenye mikopo ya kausha damu wangefurahi mno kuijua namba yako.

Stesheni masta wa reli akiandika hayo, anaandika kwa ajili ya treni. Je, angekuwa anapeleka daftari lake sokoni jioni na kuwauzia wenye maduka? "Huyu wa Kintinku anasafiri sana Tabora, mwuzieni viatu." Si mngemfuata ofisini kesho yake asubuhi?

HAYA YAMESHATOKEA

Msidhani nazungumza ndoto. Kuna wakubwa waliolifanya hili mchana kweupe, na mkisikia walivyolifanya mtajua la kulitazama hapa kwetu.

Uingereza kulikuwa na kampuni inaitwa Phorm. Hiyo iliwaendea wauza intaneti, ikiwemo BT, kampuni kongwe ya simu ya nchi ile, ikawaambia: ninyi mna wateja, sisi tuna mtambo. Tuufunge kwenye njia yenu, uangalie kila mteja anapita tovuti zipi, halafu tumwekee matangazo yanayomfaa, fedha tugawane. Mwaka 2006 BT ikaujaribu mtambo huo kwa wateja wapatao 18,000 bila kuwaambia. Mwaka 2007 ikajaribu tena, kimya kimya vile vile.

Wapo wateja walioona simba katika nyasi. Waliona kompyuta zao zinakwenda mahali wasipopaita. Walipopiga simu kuuliza, waliambiwa huenda mashine zao zina virusi. Ndugu zangu, mtu amekuwekea kijiti kwenye tairi, halafu anakuambia pikipiki yako mbovu!

Mwaka 2008 siri ikavuja. Wananchi wakapiga kelele. Aprili 2009 Tume ya Ulaya ikaifungulia serikali ya Uingereza shauri kwa kutowalinda watu wake, na mwezi huo huo Amazon wakakataa tovuti zao zisichunguzwe na mtambo huo. Julai 2009 BT ikajitoa. Je, kuna mkubwa aliyefungwa? Hakuna. Mwaka 2011 waendesha mashtaka wa nchi ile walisema hawatamshitaki mtu. Phorm yenyewe ilikufa mwaka 2016. Kilichoiua ni wateja waliokataa kunyamaza. Jela haikuhusika. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Marekani nako, kampuni ya Verizon ilianza mwaka 2012 kubandika alama kwenye safari za simu ya mteja zisizo na kufuli, mfano wa mtu anayekuchora chaki mgongoni bila wewe kujua. Ukifuta kumbukumbu za simu, chaki iko pale pale, kwa sababu haikuandikwa kwenye simu yako bali njiani. Wataalamu waligundua mwaka 2014. Machi 2016 ikatozwa faini ya dola milioni 1.35 na kuamriwa ipate ridhaa ya mteja kabla ya kumpa mtu wa nje alama hiyo.

Nyingine, AT&T, ilikuwa wazi zaidi, na mimi naiona ndiyo iliyotuonyesha bei yetu sokoni. Katika mji wa Austin, mwishoni mwa 2013, ilitangaza intaneti ya kasi kwa dola 70 kwa mwezi ukikubali kuchunguzwa, na dola 99 ukikataa. Hesabu rahisi: siri yako iliwekewa bei ya dola 29 kwa mwezi. Mwenye nacho ananunua pazia. Mlalahoi anaoga nje. Mpango huo uliachwa mwaka 2016.

Mwisho wa mwaka huo huo serikali ya Marekani ikapitisha kanuni kwamba kampuni ya intaneti isitumie safari za mteja kwa matangazo bila ruhusa yake. Kabla hazijaanza kufanya kazi, Bunge lao likazifuta, na Rais Trump akatia saini Aprili 2017. Hivyo anayewaambia kwamba wakubwa wa Ulaya na Marekani wameshatusafishia njia, anawauzia mbuzi kwenye gunia.

TURUDI NYUMBANI

Sasa wa nyumbani. Mwaka jana nilikuwa namwuguza mdogo wangu. Usiku nikawa natafuta maelezo ya ugonjwa wake kwenye simu. Wiki ile ile yakaanza kunifuata matangazo ya dawa za ugonjwa huo huo, tena yanajitokeza niko kijiweni, simu iko mikononi mwa rafiki yangu anayeangalia matokeo ya mpira. Mnajua kijiwe kilivyo. Jioni nikawa nimeshapewa jina la utani.

Nikapiga huduma kwa wateja. Sitaitaja kampuni, maana sina ushahidi kwamba ni wao. Pengine ilikuwa programu moja niliyoipakua, pengine tovuti yenyewe. Kijana wa watu akanijibu kwa upole: "Kaka, simu yako itakuwa na virusi." Nikacheka peke yangu. Nikakumbuka Uingereza mwaka 2007!

Mwaona ugonjwa ulipo? Aibu ya kijiweni itapita. Lililobaki ni kwamba nimechunguzwa na sina mlango wa kubisha hodi kuuliza ni nani. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wewe nguo zenyewe hujui ziko ngapi.

Tuangalie tulivyovikwa nguo hizo. Oktoba 2014 ililetwa Tanzania huduma ya Facebook ya kuingia baadhi ya tovuti bure kupitia mtandao wa Tigo. Bure ni tamu. Lakini safari hizo za bure zilipitia kwanza kwenye mitambo ya Facebook. Kisha, kuanzia Mei 2019, tukapanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na walioshindwa wakaanza kufungiwa Januari 2020. Sisemi usajili ni mbaya, wezi wa mtandaoni wametuliza sana. Nasema hivi: tangu siku ile, laini si namba tu. Ni wewe, kwa jina lako la kitambulisho na kidole chako. Daftari la safari likiunganishwa na kidole, hakuna tena "mteja fulani".

Jirani zetu wameonja. Mwaka 2019 lilifunguliwa shauri Nairobi likidai kwamba taarifa za wateja milioni 11.5 wa Safaricom waliokuwa wakibeti zilitoka nje na kutafutiwa mnunuzi. Wabeti wa hapa, mmesikia? Mkeka wako unaweza kuwa bidhaa hata ukichanika.

DAFTARI MOJA, WASOMAJI WENGI

Hapa kuna kijana ameinua mkono. Sema ndugu yangu... Anasema: "Mimi ni dereva wa boda, sina cha kuficha. Wakitaka kuniletea tangazo la tairi, walete, nitanunua."

Ahsante. Ndilo jibu wanalolipenda wenye kampuni. Nakubaliana na wewe kwamba tangazo la tairi halimwui mtu. Na kama kampuni itakuja waziwazi na kusema, "Tukubalie tukuchunguze, tukupunguzie bei ya bando," wewe ukakubali kwa akili yako, hayo ni mapatano yenu. Mimi nagombana na mambo mawili. La kwanza, kutoulizwa. La pili ndilo zito: daftari lililowekwa kwa ajili ya tangazo la tairi halijui kwamba ni la tairi tu. Likishaandikwa, limeandikwa. Kesho linaweza kufunguliwa na mwenye kukopesha, na mwajiri, na mke aliyeachwa mwenye rafiki pale ofisini, na mwenye bunduki.

Msinishangae kutaja bunduki. Tuko mkoa wa Singida. Tundu Lissu ni mtoto wa mkoa huu, wa Ikungi kule. Tarehe 7 Septemba 2017 alipigwa risasi Dodoma, mchana, akitoka bungeni. Miaka saba baadaye, Septemba 2024, gazeti la The Guardian la Uingereza likaandika habari za shauri lililokuwa kwenye baraza la kazi London. Mchunguzi wa zamani wa kampuni ya Millicom, iliyokuwa na Tigo wakati ule, alidai alifukuzwa kazi kwa kuhoji jambo hili: kwamba kuanzia tarehe 22 Agosti 2017, wiki mbili na ushee kabla ya risasi, taarifa za simu za Lissu na mahali alipo zilikuwa zikipelekwa kwa watu wa serikali, usiku na mchana.

Nani alifyatua na nani alimtuma, hilo ni la vyombo vya sheria, na mimi si hakimu. Millicom iliiuza Tigo mwaka 2022, na mwaka 2024 Tigo ikabadilishwa jina kuwa Yas. Majina yanabadilika. Fundisho halibadiliki: simu haikutegwa na mchawi. Taarifa zile ni zile zile ambazo kila kampuni ya simu inazo kwa kila mmoja wetu aliyekaa hapa, kwa kuwa bila kujua mnara uliopo haiwezi kukuunganisha. Alichokosa mteja ni kufuli kwenye mlango wa daftari.

Ndugu yangu wa boda, wewe leo huna cha kuficha. Lakini hujui kesho utagombea nini, utamshitaki nani, au utamkataa kigogo gani.

SHERIA IPO, IMELALA KWENYE MAKABATI

Msiniambie hatuna sheria. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawataka watu wa kampuni za simu watunze siri za wateja. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024.

Sheria hiyo mpya inasema taarifa zako zikusanywe kwa sababu inayojulikana, zisitumike kwa jambo jingine, na wewe una haki ya kuuliza wanazo zipi. Tena ina kifungu kitamu ambacho watu wengi hawakijui: unaweza kumwandikia anayezishika kumtaka aache kuzitumia kwa kukutangazia biashara.

Sasa naomba walioandika barua ya namna hiyo wanyooshe mikono... Hakuna hata mmoja. Hata mimi nilikuwa sijaandika hadi mwaka jana. Haki isiyodaiwa ni kama tiketi iliyosahaulika mfukoni, treni itaondoka na wewe unayo.

TUFANYE NINI?

Sitawaacha hewani. Nina mambo matano.

Moja: piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kaikatae. Usikubali mwingine asafiri kwa jina lako.

Mbili: kwenye simu nyingi za Android, ndani ya mipangilio, kuna sehemu ya DNS ya faragha. Ukiiwasha, lile swali la njia halisomeki na anayekuuzia bando. Si dawa kamili, jina la tovuti linaweza kuonekana kwingine, lakini umepunguza macho.

Tatu: kuhusu VPN. Najua mnazo. Kwanza, mwaka 2023 TCRA ilitoa tangazo kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili, kwa hiyo angalieni masharti. Pili, VPN ya bure ni kumkimbia stesheni masta na kuingia kwenye gari la mtu usiyemjua. Facebook walikuwa na VPN ya bure ikiitwa Onavo, wakisema inalinda siri za watu. Kumbe ilikuwa inakusanya safari zao kwa faida ya kampuni. Julai 2023 mahakama ya Australia ilizitoza kampuni mbili za kundi hilo faini ya dola milioni 20 za kwao. Rahisi ni ghali.

Nne: andikeni barua. Maswali manne tu. Mnaandika nini kuhusu safari zangu za intaneti? Mnakaa nayo muda gani? Mnampa nani? Mmeitumia kwa matangazo, ndiyo au hapana? Wekeni nakala na tarehe. Wasipojibu, pelekeni malalamiko TCRA na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua moja watasema ni ya mkorofi mmoja. Barua mia mbili kutoka Manyoni watatafuta mwanasheria.

Tano: mtu akikuletea karatasi au kitufe cha "nakubali", soma sehemu ya "washirika wetu". Hilo neno washirika ndilo lango la nyuma.

Nilisema nitarudia jambo. Uingereza hakuna mkubwa aliyefungwa, lakini mtambo uling'olewa. Uling'olewa na watu wa kawaida waliouliza swali lile lile wakaambiwa ni virusi, wakauliza tena, wakaambiwa ni halali, wakauliza tena. Hawakuwa na mapesa. Walikuwa na uchungu wa mtu aliyelipia kitu na kugeuzwa yeye kuwa kitu.

Sisi walaji wa Tanzania tumezoea kulalamika bando linaisha haraka. Sawa, tulalamike. Lakini bando likiisha unanunua jingine. Siri ikishatoka, haina duka la kuinunua.

Leo jioni treni ikipita hapa, mwangalieni stesheni masta na daftari lake. Lile ni la reli, na kila mtu anajua kwa nini lipo. Na hilo la simu zenu tulitendee hivyo hivyo: tujue kwa nini lipo, nani analifungua, na lini litachomwa moto.

Nimemaliza. Mwenye kalamu na karatasi asogee hapa mezani, barua ya kwanza tuiandike kabla jua halijazama.